Pinki ya Mkupuo Mwingine

Jina alilopewa na mama yake lilibaki mlangoni siku alipoingia kwa wakwe. Mwezi wa pili wa ndoa, wifi yake alimwona akitoka bombani na ndoo kichwani. Alisimama kwenye ngazi, akasimama tena kwenye kona, akasimama mara ya tatu mbele ya mlango na kushika ukuta. Wifi akapiga makofi.

"Jamani, njooni mwone! Kaka ametuolea basi. Kila hatua kituo!"

Nyumba nzima ikacheka, mume naye akacheka, na tangu siku hiyo akawa Bi Vituo.

Alikaa na jina hilo miaka ishirini na miwili. Alipomzaa binti yake wa pekee, alilala wiki tatu hawezi kupumua akiwa chali, akapanga mito mitatu ili alale kama amekaa. Mama mkwe alisema hajawahi kuona mzazi anayependa kitanda namna ile. Wifi akaongeza kwamba mito mitatu ni ya malkia, na ufalme wenyewe hauonekani. Mimba ya pili iliharibika, ikafuata ya tatu, na hapo wakasema hata tumbo lake lina uvivu. Binti alipokua na kuolewa mji mwingine, mume hakuwa na sababu ya kuficha tena. Alimtolea nguo zake kwenye mfuko, akaziweka chini ya ngazi, akasema, "Nimechoka kuishi na mtu anayepumzika."

Hakumjibu. Majibu alikuwa nayo tele, lakini alikuwa ametoka kupanda ngazi hizo na pumzi ilikuwa haijarudi.

Alipanga chumba nyuma ya duka la vioo. Juu ya duka hilohilo, ghorofani, palikuwa na karakana ya sweta za shule, wanawake saba na mashine saba. Mashine ya kufuma si cherehani. Ni kitanda kirefu cha chuma chenye sindano zaidi ya mia zilizojipanga kama meno, na juu yake kuna kigari unachokisukuma kwa mkono kwenda kulia, kisha kukirudisha kushoto. Kila kinapopita, safu moja imefumwa, na kihesabio kilichopo pembeni kinarusha namba. Shule hakuisoma. Namba alizijua kwa kihesabio hicho: mgongo wa sweta ya mtoto wa darasa la kwanza ni safu mia na kumi, mkono ni safu themanini na nne. Ukikosea kuhesabu, unamfumia sweta twiga.

Aliyekaa mashine ya jirani aliitwa Redio, kwa kuwa aliwaka asubuhi akazimika jioni. Siku ya kwanza Redio alimwona akisukuma kigari, akitua, akishika kifua, akisukuma tena. Hakumuuliza kitu. Alimwambia tu, "Mwenzangu, wewe sukuma ishirini, upumzike. Mimi nitaongea kwa niaba yetu wote wawili."

Mwaka wa tatu pale karakana, asubuhi moja wakiwa kwenye sweta za kijani, moyo wake ulitoroka. Mbio alikuwa amezizoea, lakini siku hiyo ulikosa hata mpangilio. Ulipiga mara tatu harakaharaka, ukanyamaza, ukapiga mara moja, kisha ukaanza kurukaruka kama kuku aliyetiwa kwenye gunia. Redio aliweka kiganja kifuani pake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akakosa la kusema. Wakambeba hadi hospitali, wawili wameshika mabega, mmoja anashika miguu, na wa nne akitembea mbele akifukuza watu njiani.

Huko walimpaka kitu cha baridi kifuani, wakapitisha kifaa, na moyo wake ukaonekana kwenye kioo ukitapatapa. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, umri wa kuwa mwanawe. Aliuliza, "Mama, ulipokuwa mdogo uliwahi kuumwa koo sana, halafu viungo vikavimba?"

Alikumbuka. Alikuwa na miaka minane. Koo lilianza, likapita, kisha magoti yakavimba kama maboga, yakafuata vifundo vya miguu, na mama yake akawa anamkanda kwa maji moto miezi na miezi. Ndiyo sababu shule ilimpita. Alipoweza kutembea tena, wenzake walikuwa darasa la tatu, na baba yake akasema nafasi yake apewe mdogo wake.

"Basi ugonjwa ule ulishuka moyoni," daktari akasema. "Uko hapo tangu siku zile."

Muuguzi wa kliniki ya moyo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupoza, ndiye aliyekaa naye kumweleza. Wagonjwa walimwita Sista, na yeye aliwaita wote mama na baba, hata waliokuwa wadogo kwake.

"Una mambo mawili, mama, na yameshikana mikono. La kwanza ni mlango. Moyo una vyumba na milango. Huu mlango wa kushoto, unaopitisha damu kutoka chumba cha juu kwenda cha chini, umekakamaa. Umebaki kama tundu la kifungo."

"Na la pili?"

"La pili limezaliwa na la kwanza. Damu inafika mlangoni haipiti, inarundikana. Miaka yote hiyo chumba cha juu kimejaa na kutanuka mpaka kimechanganyikiwa. Badala ya kupiga, kinatetemeka. Ndiyo hayo mapigo yako yasiyofuatana. Sasa damu ikizubaa kwenye chumba kinachotetemeka, huganda. Bonge likichomoka likaenda kichwani, unapooza."

Bi Vituo akauliza swali ambalo Sista hakulitegemea. "Kwa hiyo sikuwa mvivu?"

"Mvivu? Mama, kwa tundu la kifungo ulikuwa unabeba ndoo? Mimi nisingebeba hata kijiko."

Alitazama mikono yake. Kijana wa umri wa mwanawe alihitaji nusu saa kuona alichokuwa nacho. Wale wa upande wa mume walikuwa naye miaka ishirini na miwili, na macho wanayo, na walimtazama kila siku maana bila kumtazama wangemchekaje.

Alipewa dawa za aina tatu. Asubuhi kidonge cha kupunguza mbio za moyo, pamoja na kile cha kukojosha ili maji yasijae mapafuni. Jioni kidonge cha kuzuia damu isigande, na hicho ndicho kilichokuwa na masharti. Kikizidi, unavuja damu. Kikipungua, damu inaganda. Kila mwezi lazima apimwe, na kipimo kiwe kati ya mbili na tatu. Mboga za majani asiache na asizidishe kwa ghafla. Dawa za maumivu asijinunulie ovyo.

"Utanikariria rangi," Sista akamwambia, kwa kuwa alikuwa ameshajua kwamba kusoma hakujui. "Jioni kila siku pinki moja. Jumatano na Jumapili unaongeza nusu ya buluu. Sema."

"Pinki kila siku. Jumatano na Jumapili nusu ya buluu."

"Umempita yule mwalimu niliyemfundisha jana."

Kisha daktari akamwambia kuhusu puto. Mlango wake ungeweza kufunguliwa bila kupasua kifua. Waya mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unapanda hadi moyoni, na kwenye ncha yake kuna puto dogo. Likijazwa, mlango unaachia. Likitolewa, damu inapita. Mapigo yangeweza kubaki na vurugu yao, na dawa ya jioni angeimeza maisha yake yote, lakini pumzi ingerudi. Sharti moja tu: chumba cha juu kisiwe na bonge la damu, kwa sababu waya unaweza kulisukuma bonge hilo kichwani. Kwa hiyo damu itulie kwanza ndani ya kipimo. Wanaongoja puto walikuwa wengi. Asiyefuata dawa ya jioni alisogezwa mwisho wa orodha, na mwisho wa orodha ulikuwa mbali, karibu miaka miwili. Daktari hakuficha kwamba kwa mlango kama wake miaka miwili ni mingi.

Alirudi chumbani kwake akijiuliza atakumbukaje. Mwenye kusoma anaandika kwenye daftari. Yeye alichukua sindano mbili za mkono na mfuko wa mabaki ya nyuzi kutoka karakana, akaanza kufuma utepe wa upana wa vidole vitatu. Kila jioni akimeza kidonge, anafuma safu moja ya rangi ya kidonge hicho. Jumatano na Jumapili, nusu ya safu ilikuwa ya buluu. Siku akisahau, safu nyeupe. Nyuzi hakuzichagua kwa kukisia. Alipeleka kidonge dirishani mchana, akakilaza juu ya uzi huu na uzi ule mpaka akapata ambao ukikiweka juu yake unakitafuta kilipo. Wafumaji ndivyo walivyo. Wanajua kwamba koni mbili za uzi zenye rangi moja, zilizotiwa rangi kwa mikupuo miwili tofauti, zikikutana kwenye sweta moja, mgongo unakataa kufanana na kifua, na mzazi atairudisha sweta. Siku ya kwanza karakana unafundishwa hilo kabla ya kufundishwa choo kiko wapi.

Miezi mitatu utepe ulirefuka na safu mbili nyeupe tu. Kipimo kikasoma moja na nusu, kikaja mbili na kidogo, kikaja mbili na nusu. Daktari akasema mwezi ujao kikibaki hapohapo, anapangiwa tarehe.

Wiki iliyofuata pinki ziliisha kwenye dirisha la dawa la hospitali. Akaambiwa akanunue nje. Muuza dawa wa mtaa wa pili alikuwa na watu wengi mbele yake na simu sikioni. Alimnyooshea karatasi ya daktari, hakuipokea.

"Nionyeshe dawa yenyewe, mama, nitaijua."

Akatoa pinki yake ya mwisho. Muuza dawa akaitupia jicho, akaingia ndani, akarudi na vidonge ndani ya bahasha ndogo.

"Mbona hizi zimepauka?"

"Kampuni nyingine tu, mama. Dawa ni ileile. Mwingine!"

Jioni ile alikilaza kidonge kipya juu ya uzi wa pinki, kikaonekana waziwazi, kama doa. Akatafuta kwenye mfuko wa mabaki, akapata uzi wa sweta za watoto wachanga, pinki iliyofifia, ukalingana. Alikaa na nyuzi hizo mbili mkononi, wa zamani na mpya. Mfumaji ndani yake alijua kwamba huu ni mkupuo mwingine, na mikupuo miwili haichanganywi. Alifikiria kwenda kumuuliza Sista. Kisha akaisikia sauti ya Sista ikigeuka kuwa ya mama mkwe: huyu naye kila siku ana jipya, leo pumzi, kesho mgongo, keshokutwa rangi ya kidonge. Watu walikuwa wamemwambia miaka mingi kwamba analalamika, na alikuwa amejifunza. Akameza, akafuma safu, akalala.

Siku ya kliniki alikuta benchi limejaa, na mwishoni mwa benchi amekaa wifi yake, amemleta mama mkwe kwa ajili ya presha. Mama mkwe alikuwa amesinzia.

"Wifi!" yule dada wa mume akasema kwa furaha ya mtu aliyechoka kukaa bila mchezo. "Kumbe vituo vyako vimefika mpaka hapa?"

"Shikamoo mama," Bi Vituo alimwamkia mkwe, ambaye hakuamka. Bi Vituo akaitwa ndani.

Daktari alitazama karatasi ya kipimo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Moja nukta moja. Mama, hii ni damu ya mtu asiyemeza dawa kabisa. Wiki ngapi hujameza?"

"Nimemeza."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari."

"Damu haisemi uongo, mama," daktari akasema, bila ukali, na kule kukosa ukali kukamuumiza zaidi. "Ungeniambia tu dawa zimekushinda ningekuelewa. Tunaanza upya." Akaandika mstari mrefu kwenye faili, akampa alipeleke dirishani.

Sista siku hiyo alikuwa wodini. Bi Vituo akatoka na faili limefunguka mkononi. Wifi alinyoosha mkono kama anayemsaidia, akalichukua, akasoma kwa sauti ya kutosha benchi zima.

"'Mgonjwa hatumii dawa ipasavyo. Asogezwe mwisho wa orodha ya puto.' Ee! Bi Vituo! Hata kumeza nako unapumzika?"

Mzee mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Bi Vituo alilichukua faili lake, akalipeleka dirishani, akaondoka. Alipanda ngazi za karakana bila kuhesabu alisimama mara ngapi.

Redio alikuwa katikati ya habari za jirani yake na mbuzi. Alipomwona aliikatiza.

"Wamekuambiaje?"

"Simezi dawa."

"Nani kasema?"

"Damu."

"Damu yako imejifunza lini kuongea? Lete hapa huo utepe wako."

Bi Vituo aliutoa kwenye mfuko. Redio aliutandaza kwenye kitanda cha mashine, akaupitishia vidole kama anavyokagua sweta kabla ya kukunjwa. Alipofika karibu na mwisho vidole vikasimama.

"Hapa umebadilisha koni."

"Sikubadilisha mimi. Kidonge ndicho kilibadilika."

"Kikabadilika rangi, ukakimeza?"

"Muuza dawa alisema kampuni nyingine."

"Na hao wauza nyuzi hutuambiaje wakituletea mkupuo mwingine? Si hivyohivyo? Kampuni nyingine tu, mama, rangi ni ileile. Tunawaamini?" Redio alikuwa tayari anatafuta viatu vyake. "Mwenzangu, ungeletewa koni hii ungemrudishia aliyeileta mpaka mlangoni. Moyo wako una thamani ndogo kuliko sweta ya darasa la kwanza?"

Bi Vituo alilijua jibu alilolitoa jioni ile alipokimeza kidonge.

Walirudi hospitali mchana huohuo. Benchi lilikuwa tupu, wifi na mama yake wameshaondoka. Sista alikuwa amerudi kliniki, na daktari alikuwa anakula karanga juu ya meza. Redio alitaka kuanza, Bi Vituo akamshika mkono.

"Daktari, umesema damu haisemi uongo. Sawa. Na mimi sisemi uongo. Kwa hiyo kuna mwingine." Akautandaza utepe mbele yake, juu ya makaratasi. "Kila safu jioni moja. Hapa na hapa peupe, nilisahau, sijaficha. Hapa ndipo nilipoanza dawa ya nje. Tangu hapo safu kumi na tisa. Hesabu."

Daktari alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akarudia. Sista akainama juu ya meza, akasema polepole, "Pinki mbili."

"Pinki mbili," Bi Vituo akasema, na kumwaga mezani vidonge vilivyobaki kwenye bahasha.

Sista alikichukua kimoja, akakigeuza, akakisogeza kwenye taa ya meza. Kulikuwa na alama ndogo sana, ndogo kuliko macho ya Bi Vituo ya miaka arobaini na mitano yanavyoweza kuona bila miwani. Alikaa nacho muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma namba moja.

"Daktari, hivi ni vya miligramu moja. Vyetu ni vya tano. Kampuni hii inatia pinki kwenye vya moja." Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Na mimi ndiye niliyemwambia akariri rangi. Nimewaambia wote."

Kisha daktari akafuta chumvi ya karanga mikononi, akasema, "Mama, nisamehe. Umemeza sehemu moja kati ya tano ya dawa kwa siku kumi na tisa, na umemeza kila siku." Akalifuata faili dirishani, akalifungua. "Ninaandika hapa chini kwamba kosa lilikuwa la dawa, unarudi kwenye nafasi yako."

"Hapa chini wapi?"

"Chini ya yale ya asubuhi."

"Na yale ya asubuhi?"

"Yanabaki, mama. Faili halichanwi ukurasa."

Bi Vituo aliweka kiganja juu ya faili. Hakupandisha sauti. "Daktari, mimi nafuma. Nikikosea safu ya kumi, nikaendelea vizuri mpaka safu ya mia, kosa liko palepale safu ya kumi, na anayeivaa ndiye atakayechekwa. Sisi tunarudi, tunafumua mpaka pale, tunaanzia hapo. Maneno haya yamesomwa kwa sauti mbele ya watu leo. Nimesemwa mvivu tangu nimeolewa, na hakuna aliyewahi kuandika. Wewe ndiye wa kwanza kuniandikia. Yafumue."

"Mwambie huyo," Redio akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilifika mpaka dirisha la dawa.

Daktari alimtazama Sista. Sista akamtazama yeye, wala hakumsaidia. Daktari akaweka rula juu ya ule mstari, akaukata kwa wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, pembeni akaandika tarehe na kutia sahihi.

"Nisomee ulichoandika."

"'Si kweli. Mgonjwa anameza dawa kila siku. Alipewa dawa ya nguvu isiyo sahihi dukani.'"

"Tena."

Akasoma tena. Bi Vituo akaondoa kiganja.

Wakati wanashuka, Redio akasema, "Yule wifi yako kashaondoka na habari ya asubuhi. Hii ya mchana nani atampelekea?"

"Hakuna. Mbaya ndiyo ina miguu."

"Nipe siku mbili," Redio akasema. "Na jina la mtaa wao."

Jioni ile alianza pinki ya kweli kutoka akiba ya wodi, pamoja na sindano za tumboni za kulinda damu isigande mpaka vidonge vishike. Sista akaacha kufundisha rangi peke yake. Wiki iliyofuata alikuwa na kibao ukutani chenye namba zilizoandikwa kubwa, na kila mgonjwa alilazimika kutaja rangi, kisha ageuze kidonge na kuonyesha namba kwa kidole. Wasiojua kusoma walijikuta wanajua tano. Muuza dawa alipofuatwa na Sista mwenyewe alisema siku ile watu walikuwa wengi. Hilo Bi Vituo alilisikia, akalikataa moyoni, akaliacha hukohuko moyoni, kwa kuwa alikuwa na kazi nyingine ya kufanya, nayo ni kungoja.

Alingoja wiki nane. Kipimo kikapanda hadi mbili, kikakaa mbili na nusu, hakikushuka tena. Akamezeshwa mrija wenye jicho la kutazama chumba cha juu kwa nyuma, uliomtapisha na kumtoa machozi, lakini chumba kilikuwa safi, hakuna bonge. Daktari kijana akamkumbusha tena, asije akadanganyika: puto ni la mlango. Mtetemo wa chumba cha juu huenda usiondoke kamwe, na dawa ya jioni haina likizo, isipokuwa siku tatu kabla ya puto ili asivuje damu. Bi Vituo akasema hilo linaeleweka. Mtu aliyesongwa miaka mingi, ukimfungulia mlango leo, hataacha kutetemeka siku hiyohiyo.

Asubuhi ya puto walimlaza kwenye chumba cha vitanda viwili, yeye upande wa dirisha, na mwanamke mwembamba asiyemfahamu upande wa pili. Bingwa wa kufanya kazi hiyo hakuwahi kumwona. Aliingia kwa haraka, akasimama kwanza kwenye kitanda cha mwenzake, akauliza maneno machache, akaandika. Kisha akaja kwake, akafungua faili, akageuza kurasa. Ule mstari mwekundu ulipita mbele ya macho yake. Bi Vituo aliuona ukipita.

"Dawa ya kuzuia damu kuganda," bingwa akasema bila kuinua kichwa, "umeisimamisha kama ulivyoelekezwa?"

Sauti ilikuwa kavu. Bi Vituo akajiinua kwa kiwiko. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa tangu ndoo ya kwanza: kwamba yeye hufuata anachoambiwa, kwamba waliosema vinginevyo waliandikiwa wino mwekundu, kwamba utepe uko kwenye mfuko chini ya kitanda na kama anataka atautandaza hapahapa. Alifungua mdomo. Halafu akatambua kwamba yule mwembamba wa kitanda cha pili alikuwa ameulizwa neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo.

"Siku tatu zimepita," akasema. "Kama nilivyoelekezwa."

"Vizuri."

Bingwa akaandika, akafunga faili, akaliweka miguuni pake juu ya shuka. Hakuuliza mara ya pili. Hakumgeukia muuguzi kutafuta shahidi. Alikuwa ameshafika mlangoni, anawaita wa kusukuma kitanda.